Ngumi Moja ya Wali

Jumatatu, 4 Machi

Kliniki. Nimerudi mtu mwingine kabisa.

Daktari amesema Mama Kijacho ana kisukari cha mimba. (Mama Kijacho ni mke wangu. Nilianza kumwita hivyo tumbo lilipoanza kumtangulia mlangoni.) Akaeleza taratibu: sukari ya mama ikipanda, mtoto naye anaipata, ananenepa humo humo tumboni. Mtoto mkubwa! Nikafurahi, nikajinyoosha kitini. Daktari hakufurahi. Akasema mtoto akizidi ukubwa hutoka kwa tabu, mabega yanaweza kukwama, na akishatoka sukari yake inaweza kushuka ghafla. Nikanywea.

Kuanzia leo anapima kila siku: asubuhi kabla ya kula, kisha saa moja baada ya kila mlo. Baada ya mlo isizidi saba nukta nane. Tutarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Namba zikiwa bado juu, anaanza sindano za insulini. Daktari akasema sindano si adhabu, wengi wanazihitaji, ni dawa kama dawa nyingine. Mama Kijacho akaitikia kwa adabu. Nje, kwenye benchi, akaniambia angependa kwanza wajaribu kwa chakula, kwa moyo wote, yeye na mtoto. Tatizo ni jioni. Anashinda amesimama na watoto wa chekechea, akifika nyumbani hata kuwasha jiko hawezi. Anakula mkate na chai ya sukari, basi.

Nikamwambia aondoe shaka. Amekaa na nani hapo benchi? Daktari wa Baridi! Ndivyo kibao cha karakana yangu kinavyosema: fundi wa friji, friza na mitambo yote ya baridi. Nitamjazia friza vyakula vya afya mpaka siku ya kujifungua. Yeye atapasha tu.

Jioni akajitoboa kidole mbele yangu. Tone la damu, dogo mno. Kimashine kikalinyonya, kikafikiri, kikatoa namba. Nimefungua mashine za kila aina maishani mwangu, lakini hii imeniacha mdomo wazi. Damu inasema ulichokula! Mke wangu hakukunja hata uso. Mimi ilibidi niketi.

Jumanne, 5 Machi

Tumeonana na mtaalamu wa lishe. Mama mpole, sauti ya chini, lakini kila neno lake nililimeza. Nusu ya sahani mboga. Robo samaki, kuku, mayai au maharage. Robo iliyobaki wanga, na wanga wenyewe usizidi ngumi moja. Ngumi moja ya wali, au ngumi moja ya viazi. Rahisi! Sikuuliza swali hata moja. Wenzangu kwenye kikao waliuliza maswali mengi, nikawahurumia.

Sasa, friji yetu. Sehemu yake ya barafu inaingia samaki mmoja, tena akunje mkia. Lakini karakana kuna friza kubwa jeupe, refu kunishinda likilala. La Kanali. Kanali ni mwenye nyumba wetu. Alikuwa karani maisha yake yote; ukanali kapewa na mtaa kwa sababu ya viatu vyake vinavyong'aa na mwendo wake wa gwaride. Aliniletea friza hilo mwezi uliopita. Ugonjwa wake: waya mmoja uliotafunwa na panya. Nililitengeneza siku ile ile. Nikamwambia spea imeagizwa, iko melini. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani kichwa changu kilijua mapema kuliko mimi.

Leo adhuhuri, Kanali akiwa amelala, nimelipitisha chini ya dirisha lake kwa mkokoteni, limefunikwa godoro. Yeye anakaa nyumba ya mbele, sisi ya uani. Magurudumu yalilia njia nzima. Roho ilikuwa mkononi.

Nimelichomeka. Likaguna, likatulia, likaanza kuimba. Nikaweka kiganja juu ya mfuniko. Mimi ni fundi, najua gesi inapita wapi na kwa nini. Na bado! Sanduku unalolilisha umeme, linakutolea majira ya baridi! Mama Kijacho akaniuliza limetoka wapi. Nikasema kazini.

Jumatano, 6 Machi

Nimefunga karakana. Nimepika tangu asubuhi. Maharage. Dengu. Kuku bila ngozi. Samaki kwa ndimu na kitunguu saumu, mafuta kidogo. Mboga za majani za kila namna. Mchele wa kahawia, ambao unaiva siku inayofuata.

Kupima wanga ni raha. Wali ukishapoa unauchota, unaubana mkononi mpaka ujae ngumi, unauweka kwenye mfuko. Ukiganda unabaki na alama za vidole vyangu vinne. Kazi yenye sahihi ya fundi!

Kikwazo kidogo: niligandisha pia saladi ya matango na mayai ya kuchemsha. Nimejaribu kuyeyusha kidogo. Matango yamekuwa kama kitu nilichowahi kuzibua kwenye sinki la hoteli. Yai lilidunda sakafuni. Vyote nimevizika nyuma ya choo.

Nimempa Mama Kijacho kanuni moja tu, nayo nimeisema kwa kidole juu: chakula kikishayeyuka hakirudi kwenye baridi. Kikitoka, kinaliwa. Akaahidi. Kisha akafungua mfuniko, akatazama mifuko yote ile imepangwa, ukungu ukampanda usoni. Akasema hajawahi kuona mtu amempikia mpaka wiki zijazo. Niligeuka nikajifanya natafuta kitambaa.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe ameingia. Hakuna aliyemwita! Ana begi moja la nguo na kisu chake mwenyewe kimefungwa kwenye kanga. Amesema amesikia mwanawe anaumwa sukari na mkwe amefungua kiwanda.

Nikamwonyesha friza, kifua mbele. Akachungulia. Akasema kitu pekee anachojua kinakaa kwenye baridi wiki mbili ni maiti. Nikamweleza sayansi ya barafu. Akanisikiliza kwa heshima zote, akimenya kitunguu bila kukitazama, kisha akauliza kama sayansi imekula.

Lakini lazima niseme kweli: mama yule akikata mboga, unasimama. Kisu hakionekani. Kinasikika tu. Mlima wa mboga unakuwa nyuzi, na nyuzi zote sawa, na yeye wakati huo anasimulia habari za msiba wa jirani yake. Nimesimama mlangoni kama mtoto anayetazama treni.

Usiku Mama Kijacho kala mlo wangu wa kwanza. Kuku, mboga, ngumi ya wali. Kamaliza wote, sahani nyeupe. Saa moja baadaye kapima.

Tisa nukta nne.

Tukakitazama kile kimashine kwa pamoja. Mama mkwe akachukua sahani akaenda kuiosha. Angenisema ningepata pa kushika.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi nimekichunguza kimashine. Kizima. Nimejipima mwenyewe: kizima kabisa. Nimelala kidogo baada ya kujitoboa.

Mama Kijacho ametoa hukumu kabla hatujagombana. Mchana anapika mama yake, jioni napika mimi, kimashine ndicho refa. Mchana: chakula cha mama mkwe, samaki na mboga na kiazi kimoja. Sita nukta tisa. Jioni: dengu zangu, mboga zangu, ngumi yangu ya wali. Tisa nukta moja. Mama mkwe alikwenda kulala akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Wimbo wa ushindi.

Na Kanali naye! Kanikuta bombani, akauliza kwa upole spea imefika wapi, maana anakunywa maji ya moto kama supu. Nikasema meli imepatwa na dhoruba. Akauliza bahari gani. Nikasema ile kubwa.

Jumapili, 10 Machi

Nimeelewa kila kitu. Ni hujuma!

Fikiria. Vyakula ni vile vile, mbogamboga zile zile. Mchana namba inashuka, jioni inapanda. Nani yuko nyumbani kutwa? Nani anampokea Mama Kijacho akirudi? Yule mama anampenyezea mkate kabla ya chakula changu!

Alasiri nimejibanza nyuma ya pazia la jikoni. Mama mkwe kaingia. Katazama huku na huku. Kafungua kabati la juu, katoa pakiti ya biskuti tamu. (Biskuti zangu, nilizoficha nyuma ya unga. Mwanaume anapika kutwa, anahitaji nguvu.) Sasa atampelekea! Hakumpelekea. Alikula mwenyewe, amesimama, macho amefumba, moja baada ya nyingine, na kila moja akaguna. Halafu akageuka upande wa pazia akasema mkwe atoke tu, miguu yake inaonekana.

Tumekaa tukamaliza pakiti pamoja kimyakimya. Tumekubaliana hakuna aliyeona kitu.

Jioni: tisa nukta sita. Hata mtu wa kumsingizia sina tena.

Jumatatu, 11 Machi

Mama Kijacho kapima, namba bado juu. Alifuta kidole, akakunja kile kimfuko cha kipimo, akaenda kuketi kibarazani peke yake. Nilimfuata. Siku hizi anakula chakula changu chote, hata nikimwona anahema, anajikaza mpaka punje ya mwisho. Nimemshukuru kwa hilo. Akanitazama kwa namna ambayo bado ninaifikiria.

Ijumaa imekaribia. Sindano si adhabu, najua. Lakini aliniomba kitu kimoja: kwanza tujaribu kwa chakula.

Jumanne, 12 Machi

Naandika huku nacheka.

Leo Mama Kijacho amewahi kurudi. Kajitolea mwenyewe mfuko wa jioni. Mimi nilikuwa nasafisha samaki. Nikageuka. Ameuweka wali ulioganda kwenye sahani, ule wenye alama za vidole vyangu, na pembeni yake ameweka ngumi yake.

Alikuwa anatazama tu. Ngumi yake, halafu wali. Kisha akamwita mama yake. Mama mkwe akaja, akaweka na yake. Tukawa tumesimama watu wazima watatu tunatazama sahani.

Mimi ni fundi. Mikono yangu inafungua nati zilizoshika kutu bila spana. Glovu za dukani hazinienei. Ngumi ya mke wangu ukiiweka juu ya ile yangu ya wali, inabaki nafasi ya nyingine na kidogo tena. Mtaalamu wa lishe alisema ngumi moja. Sikuuliza ya nani!

Tena kuna ile kanuni yangu. Akaniambia kila jioni alikuwa ameshiba nusu ya sahani, lakini nilimwapisha kwa kidole juu kwamba kilichoyeyuka hakirudi, na aliona nimepika siku nzima, basi akawa anamalizia kwa kunionea huruma. Nilimlisha mke wangu kama anakwenda kubeba mizigo bandarini.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka akashika tumbo, na mtoto naye akapiga teke. Nililiona! Gauni liliruka. Mtu hajazaliwa, hana hata jina, na tayari anashiriki mazungumzo! Nikapiga magoti pale pale sakafuni, nikaweka mkono, akapiga tena. Sijui niite nini hicho nilichokihisi. Nimewahi kuona kompresa iliyokufa miaka ikiwaka. Si kitu.

Halafu Mama Kijacho akawa halii wala hacheki, kitu cha katikati. Akasema siku zote hizi alidhani ni mwili wake. Alidhani mwili wake umegoma kumlinda mtoto, kwamba anafanya kila anachoambiwa na bado anamdhuru. Alikuwa anaogopa na hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu mimi nilikuwa na furaha sana na mama yake alikuwa na kisu.

Nimelia. Naliandika wazi, shajara ni yangu. Mama mkwe kaenda jikoni, kaangusha mfuniko wa sufuria, kauokota, kauangusha tena.

Amekula nusu ya wali. Saba nukta moja.

Jumatano, 13 Machi

Tatizo jipya: friza limejaa ngumi zangu. Kuziyeyusha nizigawe haiwezekani, kanuni ni kanuni. Kutupa chakula, mama mkwe hataki hata kusikia. Nikapata wazo. Msumeno wa chuma! Ubapa wake mpya wa kukatia, nimeuchemsha kwenye sufuria mpaka ukawa safi kuliko vijiko. Mama mkwe akashika wali kwa kitambaa, mimi nikakata. Ngumi moja yangu, vipande viwili vyake. Unga wa barafu ukaruka juu. Mama mkwe akatoa macho, akasema miaka yote ya jikoni hajawahi kuona wali unapigwa msumeno, akaomba ajaribu. Anao mkono mzuri! Nikamshikia. Haraka, kipande kwa kipande, vinarudi kwenye baridi kabla havijalainika. Tulikuwa tunafanya kazi kama watu waliozaliwa karakana moja.

Kelele ndizo zilizoniponza. Mlango ukafunguka, Kanali huyo, viatu vinang'aa. Akaona friza lake. Akaona msumeno. Akashika kizingiti. Akauliza kwa sauti ya kuishiwa nguvu kama tunalikata vipande tuliuze.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa naanza kusema spea imefika leo asubuhi kwa ndege. Mama Kijacho akaniwahi. Alikuwa ametoka tu kazini, mkoba bado begani. Akamwambia Mzee, friza ni zima, lilikuwa zima siku nyingi, na yeye mwenyewe amelijua hilo sasa hivi alipomwona Mzee akilitazama hivyo. Akaomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Kisha akaufungua mfuniko na kumweleza yote: kisukari, namba, daktari, ngumi.

Kanali alisogea akachungulia. Alikaa ameinama muda mrefu, mikono nyuma. Mifuko ya maharage, ya samaki, ya mboga, na yale mawe ya wali yenye vidole. Akauliza kama ni mimi niliyepika vyote hivi. Nikasema ni mimi, Mzee. Akatoa mkono wake nyuma, akaukunja ngumi, akautazama. Akasema marehemu mkewe alimzalia watoto wanne, na yeye hakumbuki siku hata moja aliyomuuliza amekula nini. Alisema hivyo kama mtu anayesoma kitu ukutani.

Mwishowe akasema friza libaki mpaka mtoto azaliwe. Sharti ni moja: chupa yake ya maji ikae humo, na atakuja kuichukua mwenyewe kila adhuhuri. Mlangoni akageuka, akaniuliza ile meli iliitwaje.

Ijumaa, 15 Machi

Kliniki. Nilivaa shati la harusi.

Daktari akapitia namba zote, moja moja, kalamu ikishuka. Akasimama kwenye zile za wiki iliyopita, akakunja uso. Akaendelea. Saba nukta moja. Sita nukta nane. Sita nukta saba. Akavua miwani. Akasema kwa sasa sindano haina haja, waendelee hivi hivi na chakula, na wasiache kupima. Mama Kijacho alifumba macho. Akanishika mkono chini ya meza, akanibana kwa ile ngumi yake ndogo mpaka nikaumia, na sikuutoa.

Kisha wakatusikilizisha moyo wa mtoto. Unakwenda mbio kama cherehani ya fundi aliyeahidi nguo kwa leo. Chumba kizima kikajaa. Nesi akawa anaendelea kuandika tu! Anausikia kila siku, na anaandika! Mimi nilitaka watu wote barabarani waitwe waje wasikilize.

Mtaalamu wa lishe akauliza nani anapika. Nikakohoa, nikaweka kola sawa. Mama Kijacho akasema ni huyu, halafu akasimulia habari ya ngumi mwanzo mwisho, na msumeno, na yai lililodunda, ambalo sikujua kuwa anajua. Walivunjika mbavu. Mtaalamu wa lishe akaniomba nije kesho kwenye darasa la wazazi watarajiwa, niwaeleze nilivyokosea. Nimekubali. Usiku huu nakesha naandaa hotuba kuhusu nilivyopatia.

Jumamosi, 16 Machi

Asubuhi, kabla sijatoka, Mama Kijacho kaniomba jambo moja. Nisimwahidi mtu yeyote kitu chochote mpaka mtoto azaliwe. Tupumzike. Nikamwahidi. Nilimaanisha kabisa.

Darasa lilijaa. Wake kwa waume, matumbo ya kila kimo, wote wanahangaika na sukari kama sisi. Nikawakunjia ngumi yangu, nikamwomba kila mama akunje yake. Ukumbi mzima ngumi juu! Nikaeleza kupoza kabla ya kufunga, kugandisha kidogo kidogo, mfuko mmoja mlo mmoja. Mambo yalikwenda vizuri mno.

Halafu akasimama muuza mkaa mmoja, mikono myeusi mpaka viwikoni, mkoba wa mkewe ameukumbatia kifuani. Akasema amenielewa vizuri. Ila wao hawana friza, yeye huondoka kabla ya jua, na mkewe akirudi jioni huwa hata kuwasha jiko hawezi. Akaketi. Mkewe akainamisha kichwa. Nikatazama ule ukumbi, nyuso zote zimenigeukia, na kila tumbo lile lina moyo ndani unakwenda mbio namna ile. Kifua kilinijaa. Nikasikia sauti ikisema waondoe shaka, kuanzia Jumatatu kila nyumba iliyomo humu itapata milo yake ya jioni, tayari, wao wapashe tu. Watu walisimama wakapiga makofi. Nikageuka kuona nani kasema. Nyuma yangu palikuwa na ubao tu.

Haina neno. Jana mwenye baa kaniletea karakana friza la milango miwili, kubwa kama chumba cha mgeni. Ugonjwa wake ni fyuzi. Nimempigia simu nikiwa njiani kurudi. Nimemwambia hali ni mbaya, tumwachie Mungu.

Mama Kijacho amekula sasa hivi. Samaki, mboga, nusu ngumi. Amejiegemeza kitini, miguu juu ya kigoda, amependeza kupita kiasi. Kaniuliza darasa lilikwendaje. Nikasema vizuri. Kaniuliza kama kuna lolote jingine. Habari kama hii inaweza kumpandisha mtu namba, na saa moja tangu ale haijatimia.

Nitamwambia akishapima.